Skana Iliyonyamaza

Siku ya kwanza kushika skana ya mkononi niliiwasha, nikaziangalia namba zikikimbia kwenye kioo, nikangoja. Namba zikakimbia. Nikangoja tena. Baada ya nusu saa niliizima na kumrudishia rafiki yangu aliyeniazima, nikamwambia pole, chombo chako kimekufa. Akaipokea bila neno, akageuza kitufe kimoja robo mzunguko, na chumba kizima kikajaa mvumo kama mvua kubwa juu ya bati.

"Haijafa," akasema. "Umeiziba mdomo mwenyewe."

Tangu siku hiyo skana zangu zimeninyamazia mara nyingi kuliko zilivyosema, na kila ukimya nimeukuta na sababu yake. Watu ninaowajua waliokinunua kifaa hiki kwa shauku, kisha kikaishia kwenye droo, hawakushindwa na vitufe wala na kitabu cha maelekezo chenye maandishi ya kuumiza macho. Walishindwa na ukimya. Walidhani kifaa kibovu, au hakuna anayeongea, wakachoka.

Kwa asiyewahi kuiona: skana ni redio inayosikia tu, haisemi. Haina kitufe cha kuongelea kama redio ya upepo. Unaihifadhia masafa unayoyataka, yaani namba za mawimbi ambako watu huongea, nayo inayazungukia, makumi kadhaa kwa sekunde moja. Ikikuta mtu anaongea inasimama, akimaliza inasubiri kidogo kisha inaendelea na mzunguko wake. Skana za zamani zilihitaji kipande kimoja cha fuwele kwa kila masafa. Ukitaka kusikiliza sehemu nane, uwe na fuwele nane na nafasi nane za kuzichomeka. Siku hizi unabonyeza namba tu, na kwa sababu ni rahisi, watu wanajaza mia mbili kwa mkupuo. Nami nilijaza. Skana ikawa inasimama kila mahali na kutonipa mazungumzo kamili ya mtu yeyote. Sasa nimejaza masafa kumi na mawili tu kwenye banki, yaani kundi la kumbukumbu, ninayoitumia kila siku, na ninasikia mengi zaidi.

Kile kitufe cha rafiki yangu kinaitwa skwelchi. Kinaifunga spika mpaka litokee wimbi lenye nguvu ya kutosha kuifungua. Ukikilegeza mno, skana inaganda kwenye masafa ya kwanza na kuvuma, maana hata kelele inaihesabu kuwa ni mtu. Ukikikaza mno, kama nilivyofanya mimi, anayeongea kwa mbali anapita mlangoni na wewe umelala. Ninavyofanya sasa: nasimamisha mzunguko kwenye masafa yasiyo na mtu, nafungua mpaka mvumo uje, halafu nakaza polepole hadi ukatike, na hapo naongeza unywele mmoja tu. Nikihama chumba narudia upya. Kelele za chumba chenye chaja tatu na taa za LED hazifanani na kelele za nje chini ya mti. Kuna siku niliihamisha skana hatua mbili tu kutoka kwenye chaja ya kompyuta na sauti niliyokuwa nikiitafuta saa nzima ikajitokeza yenyewe.

Nilipojua kuziba na kuzibua, nikaenda kwenye masafa ya ndege. Karibu kila anayeanza huanzia huko, na sababu ni nzuri: ndege za kiraia huongea kati ya megahezi 118 na 137, dunia nzima, waziwazi, kwa maneno yaleyale. Nikapata sauti, lakini kama ya mtu anayeongea huku amefunikwa mto usoni. Nikalaumu antena. Nikalaumu betri. Kosa lilikuwa herufi mbili kwenye kona ya kioo: skana ilikuwa kwenye FM, na ndege hutumia AM, njia mbili tofauti za kubebesha sauti kwenye wimbi.

Mtu ataniuliza kwa nini ndege zing'ang'anie AM wakati redio za muziki mzuri zote zimehamia FM. Swali hilo lilinikera mpaka nilipolielewa, na jibu lake nadhani ndilo lililonifanya nisiiache tena hobi hii. Kwenye FM, wawili wakiongea pamoja, mwenye nguvu anamfuta kabisa mnyonge. Msikilizaji hajui hata kama kulikuwa na mtu wa pili. Kwenye AM wote wawili wanafika, wakigongana, na mgongano huo unatoa mluzi mkali. Hutasikia maneno vizuri, lakini utajua kwamba kuna wawili, na mwongoza ndege ataomba warudie.

Ila mluzi huo nao umewahi kuua. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye uwanja wa ndege wa Tenerife, kulikuwa na ukungu na ndege mbili kubwa za Boeing 747 kwenye njia moja ya kurukia. Mnara uliiambia ndege iliyokuwa tayari kuruka isubiri, na wakati huohuo marubani wa ndege ya pili wakasema kwamba wao bado wako kwenye njia. Jumbe mbili, sekunde zilezile. Ndani ya chumba cha marubani wa ndege ya kwanza, iliyokuwa ikianza kukimbia ili iruke, kilichosikika kilikuwa mluzi. Watu 583 walikufa. Sababu zilikuwa nyingi, na redio ilikuwa mojawapo tu. Lakini tangu nilipoisoma habari hiyo, kila nikisikia ule mluzi kwenye 118 na kitu mkono unaganda juu ya skana mpaka nisikie mtu akirudia maneno yake.

Na wanarudia. Hilo ndilo tendo la kwanza utakalolizoea: mwongoza ndege anatoa agizo, rubani analirudisha lote, namba kwa namba. Tisa kwa Kiingereza chao haiitwi "nine" bali "niner", isije ikachanganywa na tano. Alfabeti yao ya Alfa, Bravo, Charlie imetumika tangu mwaka 1956. Baada ya wiki mbili za kusikiliza nilijikuta nikitaja namba za simu kwa mtindo huo, nyumbani wakanicheka.

Jambo jingine litakalokushangaza ni kusikia upande mmoja tu wa mazungumzo. Rubani anaitikia, anashukuru, anaaga, na anayemjibu humsikii kamwe. Unaweza kudhani skana imechagua. Kumbe ni umbo la dunia. Mawimbi ya aina hii husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, hayapindi kufuata mviringo wa ardhi. Kuna hesabu ya haraka: chukua kipeuo cha pili cha kimo cha antena kwa mita, zidisha kwa 4.12, unapata kilomita hadi upeo wake wa redio. Ndege iliyo mita 10,000 juu: kipeuo ni 100, kwa hiyo kilomita 412. Wewe umesimama na skana mita moja na nusu juu ya ardhi: kilomita tano. Jumlisha mbili hizo. Ndege hiyo unaweza kuisikia ikiwa zaidi ya kilomita mia nne kutoka ulipo, ilhali mwongoza ndege anayeongea nayo, aliye kilomita thelathini tu nyuma ya kilima, kwako ni bubu. Meli yenye antena mita 16 juu ya maji utaisikia kwa kilomita ishirini na kidogo, ukiwa umesimama ufukweni. Panda ghorofani na hesabu inabadilika mara moja. Hakuna skana ya bei yoyote itakayokushinda wewe uliye na skana duni juu ya paa.

Kuhusu bahari, chaneli 16, megahezi 156.8, ndiyo ya kuitana na ya dharura. Ni FM, kwa hiyo usiisahau skana kwenye AM baada ya kutoka kwa ndege. Na kwenye anga masafa ya dharura ni 121.5. Haya mawili niliyaweka kwenye kumbukumbu namba moja na mbili, na kwa miaka yote hayajasema karibu chochote. Huo ndio ukimya pekee ninaoupenda.

Skana nyingi huuzwa na antena fupi ya mpira. Ndani yake kuna waya uliosokotwa, umebanwa ili utoshe mfukoni, na unalipa kwa kusikia kidogo. Antena ya kawaida hufanya kazi vizuri ikiwa robo ya urefu wa wimbi, na hesabu yake haina ugumu: gawanya 75 kwa megahezi, unapata mita. Kwa ndege, 75 kwa 125, sentimita 60. Kwa meli, kama sentimita 48. Kwa redio za upepo za megahezi 460, sentimita 16 zinatosha. Antena ya kuvuta ya chuma, ile ya kama redio ya zamani, ni rafiki mkubwa hapa kwa sababu unaipima kwa rula na kuiacha kwenye urefu unaoutaka. Watu huivuta yote wakidhani ndefu ndiyo bora. Si lazima.

Isimamishe wima pia. Ndege, meli na magari huongea kwa antena zilizosimama, na skana iliyolazwa chali juu ya meza inapoteza sehemu kubwa ya kile ambacho ingekipata ikiegemezwa kwenye kikombe.

Hapo kwenye antena ndipo nilipoiua skana yangu ya kwanza, niliyoinunua mwenyewe, kwa namna ya kijinga. Nilikuwa na tabia ya kuibeba kwa antena, kama mtu anayebeba kuku kwa shingo. Kiungio chake kilikuwa aina ya SMA, kile chembamba cha kukaza kwa nyuzi. Siku moja antena ikaanza kuyumba. Nikaikaza. Ikayumba tena, nikaikaza kwa koleo. Nilipompelekea fundi aliifungua, akaninyooshea kioo cha kukuzia nione: pale kiungio kinaposhikana na bodi, risasi ya kulehemia ilikuwa imepasuka duara zima, ufa mwembamba kuliko uzi wa buibui.

"Mzee, hii umekuwa ukiinyonga," akasema.

Alilehemu upya, ikasikia kwa miezi miwili, ikapasuka tena, na safari hiyo ikang'oka na njia ya shaba ya bodi. Tangu hapo nakaza kwa vidole viwili tu, skana naishika kiunoni mwake, na ikiwa ni ya SMA naweka kiungio cha kati cha kugeuza kuwa BNC, kile cha kusukuma na kuzungusha robo, nakiacha hapohapo daima. Antena zinabadilika, nyuzi za skana haziguswi.

Kosa la betri lilikuwa baya zaidi kwa sababu lilitendeka nikiwa usingizini. Skana yangu ya pili ilitumia betri nne ndogo, na ndani ya chumba cha betri kulikuwa na swichi ndogo ya kuchagua: za kuchajiwa au za kawaida. Ya kuchajiwa ina volti 1.2, ya alkali 1.5, na ukiichaji ya alkali unaitafutia kifo. Usiku mmoja nilitia za alkali kwa sababu zangu zilikuwa zimeisha, swichi nikaiacha ilipokuwa, nikachomeka chaja kwa mazoea. Asubuhi haikuwaka. Nilipoufungua mfuniko nilikuta unga mweupe uliokauka kwenye springi kama chumvi kwenye mwamba, na juu ya shaba rangi ya kijani.

Unga ule ni mabaki ya dawa ya betri, inaunguza ngozi, kwa hiyo vaa glavu. Nilitoa betri, nikakwangua kwa kijiti cha meno, nikachovya pamba ya kijiti kwenye siki na kugusa kila springi. Ilichemka kidogokidogo, vipovu vidogo. Nikafuta kwa pamba yenye maji kiasi, kisha kwa spiriti ya isopropili, nikaiacha wazi siku nzima ikauke. Springi moja ilikuwa imeliwa kabisa. Nyingine tatu nilizikwangua kwa msasa mwembamba mpaka zikang'aa. Ilirudi, isipokuwa kitufe cha saba ambacho mpaka leo lazima ukibonyeze kwa ukucha, na masafa yote niliyoyahifadhi yalikuwa yamepotea. Ndiyo maana nina daftari. La karatasi.

Betri za kuchajiwa nazo zina adabu zake. Chaja ya ndani ya skana nyingi za kawaida haijui betri imejaa. Inapeleka umeme mpaka uichomoe. Betri ya miliampea-saa 2000 ikilishwa miliampea 200 ingejaa kwa saa kumi kwenye karatasi, kwa kweli ni kama kumi na nne, na baada ya hapo unapika. Mimi nazitoa na kuzichaji kwenye chaja ya nje inayojizima. Sichanganyi ya zamani na mpya, kwa sababu mnyonge akiisha mapema wenzake watatu wanamsukumia umeme kinyumenyume. Na skana isiyotumika mwezi mzima inalala bila betri. Sheria hiyo moja ingeokoa nusu ya skana ninazoziona zikiuzwa "kwa spea".

Usafi hauna mambo mengi. Kitambaa kikavu, na kikilowa kiwe kwa maji tu, maana vimiminika vikali hutia ukungu kioo. Kitufe cha sauti kikianza kukwaruza, kizungushe mara ishirini kwenda na kurudi. Mara nyingi hutulia. Na usiongee kwa redio ya upepo ukiwa umeisimamisha karibu na antena ya skana: sikio la skana limetengenezwa kwa minong'ono, wati tano za jirani zinaweza kulipasua.

Kuna pia kinyume cha ukimya, yaani sauti isiyostahili kuwapo. Jioni moja nilikuwa kwenye 119.4 nikasikia gitaa. Kisha tarumbeta, kisha mtangazaji akitaja saa. Kwenye masafa ya ndege! Nikadhani rubani amesahau kipaza sauti juu ya redio yake. Nilichukua kalamu. Skana yangu hubadilisha kila wimbi kuwa megahezi 10.7 kabla ya kulifanyia kazi, mbinu iliyotoka kwa Edwin Armstrong mwaka 1918, na udhaifu wake ni kwamba wimbi lililo mara mbili ya hiyo, yaani 21.4 pembeni, linaweza kupenya kwa mlango wa nyuma. 119.4 toa 21.4 ni 98.0. Nikawasha redio ya kawaida, nikaiweka 98.0: tarumbeta ileile. Nilicheka peke yangu. Tangu hapo, nikiona sauti mahali isipopaswa, kwanza nawasha kipunguza mawimbi. Mgeni kama yule hupotea, ndege iliyo karibu hubaki. Na skana ikisimama kwenye masafa yasiyo na sauti yoyote, nang'oa antena: ikiendelea kusimama, ni kelele yake yenyewe ya ndani, na masafa hayo nayafungia nje ya mzunguko.

Ukimya mmoja hauna dawa. Redio nyingi za polisi na vikosi vya dharura zimehamia dijitali, na baadhi zimefungwa kwa usimbaji, yaani sauti inafichwa isisikike bila ufunguo. Skana ya kawaida ikipita hapo inasikia mkoromo kama nyuki ndani ya kopo. Mifumo mingine haijafungwa, ila kila mazungumzo yanahamishwa kwenye masafa tofauti kadiri nafasi inavyopatikana, swali ukalisikia hapa na jibu limeshaenda kwingine. Kwa hiyo inatakiwa skana maalumu inayoyafuata. Lakini kilichosimbwa kimesimbwa, na anayekuuzia skana kwa ahadi ya kukifungua anakuuzia hewa.

Sheria nazo zinatofautiana sana kati ya nchi na nchi: kwingine kumiliki ni halali na kusikiliza baadhi ya masafa ni kosa, kwingine kusikiliza ni ruhusa na kusambaza ulichosikia ni kosa. Soma ya kwako kabla ya kuwasha. Skana yangu moja iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani huruka yenyewe vipande viwili karibu na megahezi 800, kwa sababu tangu 1994 skana za huko zimekatazwa kupokea masafa ya simu za mkononi. Simu za wakati ule ziliongea wazi na kila mwenye skana alizisikia. Mimi nina kanuni yangu zaidi ya sheria. Nikisikia jina la mtu, au anapoishi, silirudii kwa yeyote. Na siendi mahali nilipopasikia.

Wiki iliyopita nilitoka uani na ile skana ya kitufe cha saba. Kituo cha Kimataifa cha Anga huzunguka dunia kila baada ya kama dakika tisini, kilomita mia nne juu, na mara kwa mara wanaanga huongea na wanafunzi kwenye megahezi 145.8, FM, wazi kwa yeyote. Antena niliivuta hadi sentimita 51. Skwelchi niliifungua yote, maana sauti ya kwanza huja chini ya mvumo na hakuna kizibo kitakachoitambua.

Dakika ya kwanza mvumo. Ya pili mvumo. Halafu mvumo ukaanza kupungua kana kwamba mtu anafunga dirisha polepole, na ndani yake sauti ya mwanaume, shwari kabisa, akimjibu mtoto nisiyemsikia kuhusu jinsi wanavyolala wakiwa wamejifunga ukutani. Niliinamisha skana kulia, kushoto, nikapata pembe inayokaa. Alijibu swali jingine, na jingine. Kisha mvumo ukamfunika katikati ya neno, baada ya dakika zisizofika kumi.

Sikukaza skwelchi. Nilikaa na ule mvumo mpaka skana ikaanza kulia mlio wake wa betri.